Hesabu wiki yako ya nne: kusomea udaktari na kupenda ukiwa na upungufu wa kinga

Alhamisi natundikiwa dripu. Ijumaa kichwa kinagonga. Jumamosi naweza kutoka Upanga kwenda Kariakoo kwa miguu, nikarudi, na bado nikafua. Wiki ya pili na ya tatu nasoma, nacheka, napokea simu za watu. Wiki ya nne koo linaanza kuwasha, ngazi za hosteli zinaongezeka, na kila anayenisemesha namwona ana kiherehere. Halafu Alhamisi nyingine inafika. Huo ndio mwezi wangu. Kama unasomea udaktari na umeambiwa juzi tu kwamba mwili wako hautengenezi kingamwili, zile protini za damu zinazopigana na vijidudu, anzia hapo: kalenda ya ukutani waachie wenzako, wewe hesabu kuanzia siku ya dripu.

Mimi niko mwaka wa 5, Dar es Salaam, kwetu Tanga. Ugonjwa wangu, huo wa kukosa kingamwili za kutosha, madaktari huuita CVID. Uligunduliwa nikiwa mwaka wa 2, baada ya nimonia 3 za kidato cha tano na cha sita ambazo kila mtu aliziita baridi ya bweni. Kipimo cha IgG, kingamwili kuu ya damu, kilisoma gramu 1.9 kwa lita, wakati mtu mzima hutakiwa awe na 7 kwenda juu. Nililia kidogo, kisha nikafungua desa la imunolojia, ukurasa uleule niliokuwa nimeuruka wiki 2 kabla kwa sababu wakubwa walisema hautoki kwenye mtihani.

Jina lake kwanza

Kwa Kiswahili ugonjwa huu una kesi yake. Ukisema "nina upungufu wa kinga", msikilizaji anamalizia mwenyewe "mwilini", na moyoni ameshakuzika. Mwaka wa kwanza baada ya kugunduliwa nilikuwa nawahi: "Siyo UKIMWI, siyo huo!" Mpaka siku moja niko kliniki, nikamjibu hivyo rafiki yangu kwenye simu kwa sauti, na mama aliyekaa nami benchi moja, kadi yake ya CTC, kliniki ya wenye VVU, mkononi, akageuka akanitazama. Hakusema kitu. Akairudisha kadi kwenye pochi. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Tangu hapo nina sentensi 2: "Damu yangu haitengenezi askari wa kutosha, kwa hiyo kila mwezi naongezewa wa watu wengine. Hauambukizi." Basi. Anayetaka zaidi namwambia kwamba dawa ninayotundikiwa hutengenezwa kwa plazma iliyokusanywa kutoka kwa wachangiaji zaidi ya 1,000, na hapo watu husahau woga, wanaanza kuuliza kama nimerithi na hasira zao.

Tunga sentensi zako mapema, ukiwa mzima. Ukisubiri uulizwe ukiwa na homa, utasema hovyo. Kisha chagua wa kuwaambia: unayelala naye chumba kimoja, kiongozi wa darasa, mwalimu mlezi, na mtu mmoja ambaye akipigiwa simu saa 8 usiku atapokea. Kundi la WhatsApp la darasa halihusiki.

Siku ya dripu

Kingamwili unazoongezewa huisha taratibu. Baada ya kama wiki 3, nusu yake imeshakwenda, ndiyo maana dozi hurudiwa kila wiki 3 au 4, na ndiyo maana siku za mwisho wengi wetu tunakuwa kama simu iliyobakiza asilimia 5. Nina kilo 48. Daktari wangu alianza na miligramu 400 kwa kila kilo, ikakadiriwa kuwa gramu 20, yaani chupa 4 za gramu 5. Yako ataipanga wa kwako.

Anza kunywa maji ya kutosha tangu jana yake, kichwa kitakushukuru. Chupa zitolewe frijini mapema zifikie joto la chumba, zisitikiswe maana zinatoa povu, na chupa iliyowahi kuganda barafu haitumiki tena hata kama ni ya mwisho mjini. Nenda na daftari. Nakili namba ya toleo ya kila chupa, tarehe, kasi ya dripu na ulivyojisikia. Siku likitokea tatizo kwenye toleo fulani, daftari lako ndilo litakalosema kama ulipewa.

Nusu saa ya kwanza dripu iende polepole huku wakikupima presha na joto, halafu ndipo kasi ipandishwe. Hili nililijua darasani na bado likanipata. Usiku mmoja sista wa zamu, mwenye wagonjwa 30 na mikono miwili, alifungulia kasi tangu mwanzo ili aniwahi. Niliona matone yanavyokimbizana. Nikanyamaza, kwa sababu ya adabu, na kwa sababu mwanafunzi wa udaktari anayemfundisha sista kazi hasahauliki wodini. Baada ya dakika 40 nilitetemeka mpaka kitanda kikalia, na kichwa kiliniuma siku 3. Siku hizi naanza mimi, kabla sindano haijaingia: "Shikamoo sista. Samahani, mimi ikienda haraka huwa natetemeka. Tunaweza kuanza polepole nusu saa ya kwanza?" Hajawahi kukataa hata mmoja. Kuumwa kichwa kidogo ni kawaida, panadol inatosha. Lakini shingo ikikakamaa, kifua kikibana au midomo ikivimba, usivumilie kimya kimya. Ita mtu palepale.

Na kuna miezi dawa haipatikani. Imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, ila kuwemo kwenye orodha na kuwemo kwenye friji la duka la dawa ni mambo mawili. Miezi hiyo daktari wangu huniweka kwenye azithromycin mara 3 kwa wiki, na mimi naihesabu yote kuwa wiki ya nne: natembea na barakoa, nalala mapema, siahidi mtu kitu.

Alfajiri

Nimonia zile ziliniachia njia za hewa zilizotanuka, upande wa kulia chini, na makohozi hutuama humo kama maji ya mvua kwenye turubai. Yasipotolewa yanaoza. Kwa hiyo kila siku adhana ya alfajiri ikilia, mwenzangu wa chumba anatandika msala, mimi nalala kwa ubavu wa kushoto, mito 2 chini ya nyonga, kichwa kikiwa chini kuliko kiuno. Navuta pumzi ndefu mara 4, naishikilia kidogo, kisha napumua nje kwa nguvu mdomo ukiwa wazi, kama unavyopulizia kioo kipate ukungu. Dakika 15, wakati mwingine 20. Yeye anasomea ufamasia. Akishatoa salamu ananiuliza bila kugeuka:

"Limetoka?"

"Limetoka."

"Rangi?"

Likiwa jeupe tunaendelea na maisha. Likigeuka kijani siku 2 mfululizo, ananitolea daftari la namba za simu. Mtafute mtu wa kukuuliza rangi. Mwenyewe utajidanganya, hasa wiki ya mitihani.

Masomo

Topiki ngumu, mada za kuwasilisha mbele ya daktari bingwa, zamu za usiku: vyote wiki ya pili. Wiki ya nne nafanya maswali ya mitihani iliyopita na kulala kwa muda wa saa 8. Zamu huwa tunabadilishana. Wiki yangu nzuri nachukua za watu 2, wiki yangu mbaya wananichukulia moja. Nina ukurasa maalum wa madeni hayo, nani nilimshikia na lini, kwa sababu siku utakayoitwa mtegaji huwezi kubishana kwa maneno matupu. Nawadai kila wakati. Napenda iwe hivyo.

Sapu yangu ya pekee, yaani mtihani wa kurudia, niliipata mwaka wa 4, na kosa lilikuwa langu. Rotesheni ya watoto, siku ya 25 tangu dripu, kipimajoto kinasoma 38.2, na mejaraundi, mzunguko mkuu wa madaktari wodini, ni saa 2 asubuhi. Nikameza panadol 2 nikaenda kuwasilisha mgonjwa wangu, vizuri tu, nikasifiwa. Siku 2 baadaye nilikuwa kitandani nikisikilizwa kifua na wanafunzi wenzangu kama mfano wa nimonia ya upande wa kulia. Siku 9. Mtihani wa kumaliza rotesheni ukanipita nikiwa na kanula mkononi, na kwa kuwa sikuwa nimemwandikia mtu yeyote kitu, rotesheni nikairudia yote wakati wa likizo.

Kwa hiyo: mwanzo wa kila mwaka wa masomo peleka barua ya daktari bingwa kwa mlezi na idara ya mitihani, ukiwa mzima, umechana nywele. Barua iseme una ugonjwa wa kudumu, unahitaji siku ya dripu kila baada ya wiki fulani, na homa kwako ni dharura. Baki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Barua inayokuja baada ya mtihani inaonekana kisingizio hata kama kila neno ni kweli. Na homa ya 38 ni ya kwenda hospitali siku hiyohiyo, panadol au bila panadol.

Vipimo vitakavyokudanganya

Hili ndilo ninalotamani ningeambiwa mapema. Kabla ya kukubali jibu la maabara, uliza: kipimo hiki kinatafuta kingamwili, au kinamtafuta mdudu mwenyewe?

Kwetu homa isiyokuwa malaria basi ni taifodi au UTI. Utapelekwa kupima Widal. Widal inatafuta kingamwili. Wewe huna za kwako, kwa hiyo unaweza kuwa na taifodi na jibu likasoma hasi, au likasoma chanya kwa kingamwili za mchangiaji zilizokuja kwenye dripu. Omba damu ioteshwe. Kipimo cha haraka cha malaria hakina shida, kinatafuta protini ya kimelea. GeneXpert ya kifua kikuu nayo inatafuta vinasaba vya bakteria, iamini kama unavyoiamini kwa mgonjwa mwingine. Vile vipimo vya haraka vya VVU huangalia kingamwili. Mimi nilipimwa mara 5 kabla ya kugunduliwa, hasi zote, na mtaani wakasema naficha. Ni daktari bingwa wa mwisho ndiye aliyegundua kwamba hasi zile 5 hazikuthibitisha chochote, akaagiza PCR inayotafuta kirusi chenyewe. Nayo ikatoka hasi.

Kisha homa ya ini aina ya B, ambayo kwetu huingii wodini bila cheti cha chanjo yake. Nilichoma zote 3. Tulipopima kama zimeshika, hakuna kitu, mwili haukujibu. Baada ya miezi ya dripu kipimo kilekile kikasema nimekingwa. Usishangilie, kinga hiyo ni ya kuazima na inapanda na kushuka na dripu. Dripu hiyohiyo inaweza kuonyesha kwamba uliwahi kuugua homa ya ini wakati hujawahi. Ukitishwa na jibu la namna hiyo, omba HBsAg, ambayo humtafuta kirusi mwenyewe. Ukichomwa sindano kazini, ripoti saa hiyohiyo. PEP, dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, haingoji, mwisho wake ni saa 72, na mwambie anayekuhudumia kuwa vipimo vya kingamwili havitoshi kwako.

Wodi ya kifua kikuu naingia na barakoa ya N95 iliyobana hasa, nakaa upande wa dirisha, na makohozi ya mgonjwa hayachukuliwi chumbani nikiwemo. Wodi ya watoto kukiwa na surua nabadilishana na mtu. Nilidhani wataniona mwoga. Daktari mmoja mzee alisema tu, "Wewe ukilala, nani atawaandikia hawa?" akaenda zake.

Nyumbani

Chanjo hai, zile zenye kirusi kilichodhoofishwa, si zako: surua, homa ya manjano, polio ya matone. Ukihitaji kusafiri kwenda nchi inayodai kadi ya homa ya manjano, daktari anaweza kukuandikia cheti cha kusamehewa chanjo kwa sababu za kiafya, ila uliza ubalozi kabla ya kukata tiketi. Wanaoishi nawe wao wachanjwe zao zote.

Ila matone yana kisa. Mwaka 2022, baada ya kirusi cha polio kupatikana Malawi, wahudumu walipita nyumba kwa nyumba na matone. Nilikuwa likizo Tanga, na mtoto wa dada yangu alipata yake. Kirusi cha chanjo hutoka kwenye kinyesi cha mtoto kwa wiki kadhaa, kwa kawaida hakimdhuru mtoto wala mtu mwenye kinga, lakini mtu kama mimi hashauriwi kukigusa. Asubuhi yake dada akanipa mtoto nimbadilishe nepi, nikasema siwezi. Bila maelezo. "Udaktari umekupanda kichwani," akasema, na siku 3 hatukuongea isipokuwa kupitia kwa mama. Ningemweleza jioni ya matone, yote yasingetokea. Mwishowe niliosha vyombo vya nyumba nzima wiki nzima, ndiyo ikawa fidia.

Misiba na harusi ndiyo mtihani mgumu kuliko patholojia. Usipoonekana umekosa utu, ukionekana umekaa saa 6 chumbani na akina mama 40, watatu wana mafua. Mchango wangu unatangulia, siku ya kwanza, kwa simu. Kisha naenda mapema kabla hakujajaa, nampa mkono mfiwa, nakaa nje chini ya turubai, sichelewi kuondoka. Shangazi yangu mkubwa huwa ananitangazia: "Huyu kaja, mimi nimemwona." Mtafute shangazi wa namna hiyo kila ukoo unakohusika. Na ukilazwa, wekeni mtu mlangoni. Watu wetu wakimpenda mgonjwa watakuja kumjulia hali hata na kikohozi chao.

Na huyu ninayempenda

Ni mwalimu wa shule ya msingi Kibaha. Ndiyo, niliangalia watu wote nikaangukia kwa mtu anayepigiwa chafya na watoto 60 kila siku.

Alijua kwa sababu ya kachumbari. Tulikuwa tunakula chipsi mayai mara ya tatu kuonana, akaniuliza mbona kila siku nasukuma kachumbari pembeni. Ningeweza kusema sipendi vitunguu. Nikaweka uma chini nikamwambia sentensi zangu 2, na ya kachumbari: vijidudu kama giardia wengine huwaharisha siku chache, mimi hunikalia miezi, kwa hiyo nakula kilichopikwa na maji yaliyochemka. Akakaa kimya muda.

"Kwa hiyo nikiwa na mafua nisije?"

"Usije."

"Na nikikukumbuka?"

"Piga simu."

Akaila kachumbari yangu.

Baadaye si rahisi kama hapo mezani. Aliwahi kuja siku yangu ya kuzaliwa na keki na kikohozi, nikampokelea keki mlangoni nikamrudisha Kibaha kwa daladala, na alinuna haswa. Nilimwelewa. Tuna kanuni 2 zilizotokana na ugomvi ule. Ya kwanza, anayeumwa anasema kabla ya kupanda gari. Ya pili, wiki ya nne hatujadili mahari, hatujadili nani hakupiga simu, hatuachani. Nimeshamwacha mara 2, zote siku ya 26. Anayo kalenda yangu kwenye simu yake, na siku hizi nikianza anauliza, "Ni ya ngapi leo?" Inaniudhi sana kwa sababu huwa ana haki.

Mama yake aliuliza alichokuwa anakiogopa: mtazaa? Usimwongopee mkwe. Nilimwambia wengi wenye ugonjwa huu hawana ndugu mwenye nao, ila zipo familia zenye nao, kwa hiyo tukifika huko tutawaona wataalamu kwanza. Mimba haizuii dripu, huendelea nayo, na kingamwili hizo hupita kwenye kondo zikamfikia mtoto. Akafikiri. "Yaani mjukuu wangu atazaliwa na askari wa watu 1,000?" Nikasema, kwa miezi ya mwanzo, ndiyo, mama. Akacheka, akaniongezea wali.

Kuhusu pesa nitasema machache kwa sababu inanichosha. Bima yangu ilikataa mara ya kwanza na ikakubali ya pili, kwa ombi lilelile, tofauti ikiwa barua ya daktari bingwa yenye majibu 2 ya IgG yaliyopimwa kwa nyakati tofauti. Kataa kukataliwa kwa mdomo, omba maandishi. Bumu, ile pesa ya mkopo wa chuo, likiingia, nauli ya kliniki na vipimo vinatoka kwanza, ndipo mengine.

Begi langu la Alhamisi limeshafungwa: daftari, sweta, chupa 2 za maji, kipimajoto, nakala ya barua, desa la upasuaji ambalo sitalifungua. Leo ni siku ya 24. Kama mahali fulani humu nimekuwa mkali, sababu unaijua.